Waliijua Bethlehemu, Wakabaki Yerusalemu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha watoto wa shule ya Jumapili katika kanisa letu huku Umoja, na tunaandaa igizo la Krismasi. Juzi kwenye mazoezi tulifika pale Herode anapowaita makuhani na waandishi. Msichana mmoja wa miaka tisa akaniuliza, "Hawa wanajua Yesu amezaliwa wapi. Mbona hawaendi?" Nilimwambia tutaongea Jumapili ijayo. Tangu siku hiyo nimesoma Mathayo na Luka mara tatu na bado sina la kumwambia. Zaidi ya hayo, wazazi wawili wameniomba nimtoe Herode kabisa kwa sababu anaharibu furaha ya sikukuu. Habari ilikuwa moja. Kwa nini watu waliipokea kwa namna tofauti hivi? Na nimjibu nini huyu mtoto?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Anza kwa kumwambia huyo mtoto kwamba ameona sawasawa. Hawakwenda. Mathayo anawataja katika sura ya pili, mstari wa nne hadi wa sita. Mfalme anawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi wa watu, anawauliza Kristo azaliwa wapi, nao wanajibu papo hapo: "Katika Bethlehemu ya Uyahudi." Kisha wanalitoa andiko la nabii Mika kuthibitisha. Jibu lao ni sahihi kabisa, na baada ya hapo hatuwaoni tena. Mamajusi wanashika njia, nyota inawatangulia, nyumba inapatikana, tunu zinafunguliwa, na katika msafara huo hakuna kuhani wala mwandishi hata mmoja aliyesema, "Ningojeni nivae viatu tufuatane."

Wala haikuwa safari ya kutisha. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita tisa. Kwa kipimo chetu ni kama kutoka katikati ya jiji hadi Kangemi, mwendo ambao watu wengi wa Nairobi huutembea alfajiri kwenda kibaruani na kuurudia jioni. Mamajusi walikuwa wametoka mbali mashariki, na hawa walihitaji asubuhi moja tu.

Kwa nini basi? Mathayo hasemi, na nakuomba usimwekee maneno mdomoni mbele ya watoto, maana mtoto aliyeuliza swali kama hilo atakugundua. Hata hivyo mji ule tunaujua, na mfalme yule tunamjua vizuri kuliko wafalme wengi wa zamani, kwa sababu Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika habari zake kwa kirefu. Hebu nikae hapo kidogo, kwa kuwa ukimwelewa Herode utaelewa hewa waliyokuwa wakivuta watu waliokuwa kwenye chumba kile.

Herode alipewa cheo cha mfalme na Seneti ya Roma mwaka 40 K.K., na akauteka Yerusalemu kwa msaada wa majeshi ya Kirumi mwaka 37 K.K. Baba yake alikuwa Mwidumea, wa taifa la kusini mwa Uyahudi, na mama yake Mnabatea, wa taifa la Waarabu, kwa hiyo wako raia wake ambao hawakumhesabu kuwa mwenzao hata alipowajengea hekalu upya kwa fahari kubwa. Sasa fikiria wageni wanaingia mjini wakiuliza, "Yuko wapi yeye aliyezaliwa mfalme wa Wayahudi?" Neno "aliyezaliwa" ndilo lililomchoma. Yeye ufalme alipewa. Hakuzaliwa nao, na kila mtu alijua. Mtu huyu alikuwa amemwua mkewe Mariamne, ambaye Josephus anatuambia alimpenda kupita kiasi. Mwaka 7 K.K. aliamuru wanawe wawili, Alexander na Aristobulus, wanyongwe. Siku tano kabla ya kifo chake mwenyewe, mwaka 4 K.K., akamwua mwana wa tatu, Antipater. (Usishangae kwamba Yesu alizaliwa kabla ya mwaka huo wa nne "Kabla ya Kristo". Hesabu ya miaka tunayotumia ilipangwa na mtawa Dionysius Exiguus katika karne ya sita, naye alikosea kwa miaka michache.)

Na makuhani? Ukuhani mkuu kwa desturi ulikuwa wa maisha. Herode aliugeuza kuwa kiti cha kuteua na kufuta. Alimpa shemeji yake, kijana ambaye hata miaka ishirini hakuwa ameifikisha. Watu walipoonekana kumpenda mno, kijana akazamishwa kwenye bwawa la kuogelea huko Yeriko, ikasemwa ulikuwa mchezo. Baadaye alimpa Simoni mwana wa Boetho, kwa sababu alitaka kumwoa binti wa Simoni na akaona baba mkwe wake hafai kuwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo wakuu wa makuhani waliosimama mbele ya Herode siku ile walisimama mbele ya mtu aliyewapa mkate, na ambaye angeweza kuwanyang'anya mkate pamoja na shingo. Mathayo anaposema Herode alifadhaika "na Yerusalemu pia pamoja naye," sioni ajabu. Mji ulioishi naye zaidi ya miaka thelathini ulijua kinachofuata akifadhaika.

Mahubiri mengi hukomea hapo: waliogopa. Mimi jibu hilo lilinitosha kwa miaka, kisha likaacha kunitosha, na sababu iko kwa Josephus huyo huyo. Katika siku za mwisho za Herode walikuwapo Yerusalemu walimu wawili wa sheria, Yuda na Mathia. Herode alikuwa ameweka tai wa dhahabu juu ya lango kubwa la hekalu, na walimu hao waliona ni sanamu inayoinajisi nyumba ya Mungu. Wakawaambia wanafunzi wao kwamba hata kama kuna hatari, ni vema kufa kwa ajili ya sheria ya baba zetu. Vijana wakapanda mchana kweupe, wakajishusha kwa kamba kutoka juu ya paa na kumkatakata tai kwa mashoka. Kama vijana arobaini walikamatwa. Herode aliwachoma moto wakiwa hai wale walimu pamoja na waliomshusha tai.

Kwa hiyo mji huo huo, chini ya mfalme huyo huyo, ulikuwa na wasomi wa Maandiko walioweza kufa kwa ajili ya kile walichokijua. Hofu ilikuwapo, ndiyo, lakini haikumfunga miguu kila mtu. Hata hivyo angalia walikufa kwa jambo gani: kwa jambo ambalo tayari walikuwa wamelishika mikononi, sheria waliyoifundisha kila siku. Kutoka nje ya mji kwenda kuangalia kama Mungu amefanya jambo jipya ni ujasiri wa namna nyingine, na hata mashujaa hukosa ujasiri huo.

Nadhani, na hii ni hukumu yangu mwenyewe, hawa wa Mathayo waliulizwa swali la kazi wakatoa jibu la kazi. Ofisi iliuliza, ofisi ikajibu. Mfalme alihitaji andiko, wao ndio wenye maandiko, wakakunjua, wakasoma, wakakunja. Mtu anaweza kuijua Mika sura ya tano kwa moyo, akajua na tafsiri zake, na isimpitie kichwani kwamba Bethlehemu ni mahali penye barabara inayofika.

Nasema hivyo kwa sababu yamenipata. Nimefundisha Agano Jipya chuoni hapa Nairobi zaidi ya miaka ishirini. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, nilikuwa nimejifungia ndani nikiandaa mahubiri ya sura hii hii. Mlinzi wa geti la ploti yetu akabisha, bado amevaa koti lake la usiku, akaniambia mkewe amejifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya Pumwani na tayari wameruhusiwa kutoka. Nilimpongeza pale mlangoni, nikampa noti ya mia tano, nikarudi mezani. Chumba chao kilikuwa pale pale getini, hatua kama thelathini kutoka kwangu. Kila asubuhi niliona nepi zimeanikwa kwenye waya. Sikuwahi kuingia. Februari alihamishiwa ploti nyingine wakaondoka, na mpaka leo sijui sura ya mtoto yule. Sikuwa na hofu ya mfalme yeyote. Nilikuwa na somo la kumaliza.

Basi mweleze mtoto kwamba watu wazima wanaweza kujua jambo kwa usahihi na wasiinuke. Ataelewa. Watoto hutuona tukifanya hivyo kila siku.

Kuna jambo lingine la kushtua zaidi. Katika mji ule wote, aliyelichukua andiko la Mika kwa uzito kuliko wote alikuwa Herode. Waandishi walilisoma wakabaki. Yeye alilisikia akaanza kupanga. Aliwaita mamajusi faraghani akahakikisha ni lini nyota ilionekana, akafanya hesabu ya umri, akatuma askari wakawaue watoto wa kiume wa Bethlehemu. Andiko alilisadiki kabisa, na kwa sababu alilisadiki, aliona hapana budi mtoto afe. Ukisoma hivyo, utaacha kuugawa mji ule kati ya walioamini na wasioamini, kwa maana mgawanyo huo haufui dafu mbele ya sura hii.

Tugeukie walioondoka. Biblia yetu inawaita mamajusi, neno tulilolirithi kutoka Kigiriki kupitia Kiarabu, na kwa kuwa ni neno la Krismasi tu, halituumi sikioni. Lakini neno hilo hilo la Kigiriki linatokea tena katika Matendo ya Mitume sura ya 13, kwa Bar-Yesu wa Kipro, na huko watafsiri wetu wameandika "mchawi." Simaanishi kwamba wageni wa Mathayo walikuwa wachawi, walikuwa wasomi wa nyota, watu wa elimu huko kwao, na wengi huwaweka Uajemi, Babeli au Uarabuni. Namaanisha kwamba kwa Myahudi mcha Mungu wa wakati ule, mtu anayesoma hatima kwenye nyota alinuka vibaya. Hebu mtazame mtu wa Nairobi akipita kwenye nguzo ya stima iliyobandikwa tangazo la mganga mwenye kusoma nyota na kurudisha mali iliyopotea. Mkristo mwema anageuza uso. Sasa mganga huyo ndiye aje kanisani Jumapili aseme, "Nimeona ishara ya Mfalme wenu, nionyesheni alipo." Nani angefungua Biblia, na nani angeita mlinzi?

Nyota iliwafikisha Yerusalemu. Ili wafike Bethlehemu, iliwapasa waulize, na waliokuwa na jibu ni watu ambao hawakwenda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na dawa mkononi, mwenyeji akamwelekeza njia na kurudi kukaa.

Hesabu yao, kwa njia, haimo. Watatu tumewapata kwa kuhesabu dhahabu, uvumba na manemane. Tena Mathayo anasema waliingia nyumbani wakamwona mtoto. Hori ni la Luka, na wachungaji ni wa Luka. Igizo lako likiwaweka wote pamoja kwenye zizi moja si kosa la kufukuzwa nalo, ila wewe mwenyewe ujue.

Kuhusu wachungaji, Kiswahili chetu kimetutega. Tukisema "wachungaji walikwenda kwa haraka," nusu ya kanisa inawaona wenye kola nyeupe. Hawa walikuwa wafugaji, wanaolala nje na kondoo. Katika miaka ya ukame mkali tumewaona Wamaasai wakilisha ng'ombe kwenye nyasi za kando ya barabara zetu kubwa. Magari yanapiga honi, kijana amesimama na rungu lake, shuka limejaa vumbi, macho yako kwa ndama wa nyuma kabisa asije akakanyagwa. Hao ndio wachungaji wa Luka. Tafadhali lakini usiwaambie watoto kwamba walikuwa watu waliodharauliwa hata ushahidi wao haukupokelewa mahakamani. Hilo husemwa sana mimbarini, nami nimelisema, lakini limetoka kwenye maandishi ya marabi ya karne za baadaye. Luka hasemi hivyo, na Bethlehemu ulikuwa mji wa Daudi, aliyetolewa kwenye kondoo akawa mfalme. Walikuwa maskini wenye kazi ya usiku, basi. Inatosha.

Kinachonigusa kwao ni mwendo wa maneno yao. "Haya, na twendeni mpaka Bethlehemu." Hawakujadili kama wanastahili wala nani abaki na kondoo. Wakaenda, wakaona, wakasema walichoambiwa, wakarudi kazini wakimsifu Mungu. Kesho yake alfajiri kondoo walikuwa wale wale.

Na hapo Luka anatupa kundi ambalo karibu kila igizo hulipita: "Wote waliosikia wakastaajabu kwa hayo waliyoambiwa na wachungaji." Wakastaajabu, basi. Hatusikii habari zao tena. Nalifikiria sana kundi hilo kila tarehe 25 asubuhi, kanisa limejaa hadi nje na viti vimekodiwa.

Mwenye nyumba ya wageni usihangaike naye, hayumo. Luka anasema tu kwamba hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Hata hilo neno lake la Kigiriki, kataluma, ndilo analolitumia katika sura ya 22 kwa chumba Yesu alichokula Pasaka na wanafunzi. Anapotaka kusema nyumba ya wageni ya kulipia, ile ya Msamaria mwema, anatumia neno lingine. Kwa hiyo wataalamu wengi huona kwamba ni chumba cha wageni katika nyumba ya jamaa, kimejaa, na mama akajifungulia upande wa mifugo. Kwa mtu anayetoka Nairobi mwezi wa Desemba akafika kwao kijijini na kukuta binamu, mashemeji na watoto wao wamelala hadi jikoni, picha hiyo haihitaji maelezo. Kama tayari una mvulana wa kusema "Hakuna nafasi," mwache aseme. Ila asiwe mkali. Hakuna popote tunapoambiwa kwamba mtu aliwafukuza.

Sasa Mariamu, maana naogopa umeniuliza juu ya waliokwenda na wasiokwenda tukamsahau ambaye hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa ndani yake. Katika Luka sura ya kwanza malaika anawaendea watu wawili, nao wote wawili wanauliza. Zakaria: "Nitajuaje neno hilo? Maana mimi ni mzee." Mariamu: "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Yakisomwa haraka yanafanana. Mzee kuhani anaomba uthibitisho, na anabaki bubu mpaka mtoto wake anapozaliwa na kupewa jina. Binti wa Nazareti anauliza jinsi litakavyokuwa, anajibiwa, kisha anasema, "Na iwe kwangu kama ulivyosema." Na usiku ule wachungaji walipoondoka na makelele yao ya furaha, yeye "akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake." Miaka kumi na miwili baadaye, hekaluni, Luka anasema wazi kwamba yeye na Yusufu hawakuelewa neno aliloambiwa na mwanawe. Waandishi walielewa wasiende. Mariamu hakuelewa yote, na hakuliacha. Kama kuna mzazi katika kanisa lenu anayedhani kwamba imani ni kutokuwa na maswali, hapo ndipo pa kumpeleka.

Yusufu hasemi neno hata moja katika Injili zote nne. Aliazimu kumwacha Mariamu kwa siri ili asimwaibishe, akaota, akaamka, akafanya. Ukimpa mtoto mwenye haya sehemu ya Yusufu hutakuwa umeikosea Biblia.

Wako pia watoto Waislamu wanaopenda kuja kutazama mazoezi kama haya mitaani mwetu, na wao nao wanaijua habari hii kwa namna yao. Katika Qurani, sura iitwayo kwa jina la Maryamu, mama anajifungua peke yake kwenye shina la mtende, anatamani afadhali angekufa kabla, na anaporudi kwa jamaa zake amembeba mtoto, wanamkabili kwa lawama. Yeye anamwashiria mtoto, na mtoto mchanga ndiye anayesema. Hatukubaliani kuhusu mtoto huyo ni nani, na sitaki kulifunika hilo kwa maneno laini. Lakini aibu aliyotishiwa nayo msichana yule, dini zote mbili zimeiona na kuiandika, na mtoto wa jirani akikusimulia upande wake, msikilize hadi mwisho.

Katika Luka kuna mzee mmoja anayejibu swali lako kwa maneno yake mwenyewe. Simeoni anampokea mtoto mikononi siku wazazi walipokuja hekaluni na sadaka ya maskini, hua wawili au makinda mawili ya njiwa, kwa maana mwana-kondoo hawakumweza. Anaimba wimbo wake wa kuagana na dunia. Kisha anamgeukia mama: "Huyu amewekwa kwa kuanguka na kuinuka wengi walio katika Israeli, na kuwa ishara itakayonenewa." Anaongeza kwamba upanga utauingia moyo wake, "ili yafunuliwe mawazo ya mioyo mingi." Huyo hapo. Mtoto wa siku arobaini, hajasema neno wala kutenda muujiza, na tayari watu wanaonekana walivyo kwa sababu tu amefika. Herode alikuwa Herode kabla ya nyota. Waandishi walikuwa wameshazoea kusoma bila kuinuka. Wachungaji walikuwa macho, na Ana mjane alikuwa na miaka mingi ya kufunga na kuomba hekaluni. Mtoto hakuwabadilisha siku ile, aliwafunua. Kwa hiyo kwa nini habari moja ilipokewa kwa namna nyingi? Simeoni anasema ndiyo kazi iliyomleta.

Nimalizie na wazazi wawili. Waambie kwa upole kwamba Herode habanduki. Naelewa wanachoogopa, na wewe usionyeshe panga wala damu. Lakini ukimtoa Herode, lazima uitoe na safari ya Misri, Yusufu alipomkimbiza mtoto na mama yake usiku, na katika darasa lako huenda wapo watoto ambao wazazi wao walitoka Kongo, Sudan Kusini au Ethiopia usiku, mtoto mgongoni, bila kuaga jirani. Kwa watoto hao Herode si mgeni katika sikukuu. Ukimfuta, unawaambia kwamba Yesu wa Krismasi hajui walikopita. Bethlehemu kilikuwa kijiji kidogo, na wataalamu wengi hukadiria kwamba watoto waliouawa hawakuwa wengi, pengine kumi au ishirini. Josephus hata hawataji. Mathayo aliwaandika, akamleta Raheli, mama wa kale wa Israeli, awalilie, naye hakubali kufarijiwa. Wakatoliki na Waanglikana huwakumbuka tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya keki. Msichana mmoja asimame, asome mstari huo wa kilio, akae. Usipige muziki wowote chini yake.

Na waandishi wako, nilikwisha kuona kanisa moja la Eastlands likifanya hivi bila kukusudia. Wavulana wawili walikuwa na viti vya plastiki na karatasi ya manila waliyoikunja kama gombo. Wakasoma Mika vizuri, mamajusi wakatoka, na mmoja akamnong'oneza mwalimu, "Mimi sasa nifanye nini?" Akaambiwa, "Kaa hapo tu." Wakakaa. Wachungaji wakapita mbele yao, mamajusi wakapiga magoti hatua nne kutoka kwenye viti vyao, kwaya ikaimba, nao wamekaa na manila magotini. Sikuweza kuangalia kitu kingine. Fanya hivyo kwa kukusudia. Viti visiondolewe mpaka watu wametoka.

Huyo msichana wa miaka tisa, kama bado hujampa sehemu, mtie kwenye msafara wa mashariki. Mathayo hakutaja idadi; wa nne ana nafasi. Usimvike taji, mfunge leso kichwani kama mtu aliyekula vumbi la njiani, na mamajusi wakiingia Yerusalemu, yeye ndiye aulize, "Yuko wapi?"